Baiskeli ya Maringo

Nkwimba hakuwahi kuwa maskini. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wako watu Mbeya mjini ambao hadi leo wakimtaja wanatikisa kichwa kwa huruma. Huruma hiyo wabaki nayo wenyewe, hakuna aliyewaomba.

Alizaliwa Usukumani, akafika bonde la Usangu akiwa binti mdogo anayetembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Akaolewa Ubaruku na Masunga, kijana mrefu mwenye ng'ombe wake na kicheko kikubwa. Masunga alijaribu mpunga, mpunga ukamkubali, akanunua trekta, baadaye akaongeza jingine. Kwa hiyo picha yenyewe ilikuwa hivi: trekta limesimama uani, dereva amekaa kivulini anasubiri kutumwa, na mama mwenye nyumba anatoka getini kwa baiskeli.

Kwa Wasukuma wa kule baiskeli si chuma cha kumfikisha mtu tu. Kijana akivuna anaipamba. Anafunga maua ya plastiki kwenye usukani, anaweka vioo kulia na kushoto, anavalisha spoku shanga za rangi, na nyuma ya madigadi ananing'iniza kipande cha mpira chenye maandishi ya kujisifu. Siku ya gulio anapita nayo polepole. Hana anakokwenda. Anapita ili aonekane, na akishaonekana anageuza ili aonekane upande wa pili. Masunga alimposa Nkwimba kwa mtindo huo huo, alipita mbele ya nyumba yao mpaka mbwa wakachoka kubweka.

Nkwimba aliipenda baiskeli kabla ya kumpenda mwenye baiskeli, na hakulificha hilo hata kwa mumewe. Walipooana akasema anataka ya kwake. Mama mkwe akaguna. Masunga akacheka, akamnunulia, akamwambia, “Haya, ipambe mwenyewe nione.” Akaipamba ikaipita ya mumewe. Tangu hapo kila gulio alivaa kitenge kipya, akapanda, akapiga kengele hata pale ambapo barabara haikuwa na mtu. Tusifichane, alikuwa anauza sura. Wanaume waligeuka, wanawake wenzake walisonya, naye alipowasikia wakisonya alipunguza mwendo ili wamalize vizuri.

Masunga alipofariki, mashamba yalishikwa na watoto wa kiume. Kitinda mimba, Catherine, aliyekuwa na kazi nzuri ya ofisini Mbeya na nyumba yake Isyesye, akaja kumchukua mama. Nkwimba akakubali kwa sharti moja, kwamba baiskeli inakuja naye. Ikaja juu ya magunia ya mchele.

Mbeya ni mji wa kupanda na kushuka, lakini hilo halikumsumbua. Mlima ukimshinda aliteremka akaisukuma, akifika juu anapanda tena na kujiachia hadi sokoni Uyole. Watu walimtazama, na yeye alizoea kutazamwa. Hakujua kwamba safari hii walikuwa wanaona kitu kingine.

“Mama, nakuomba uiache hiyo baiskeli,” Catherine alimwambia jioni moja.

“Imekukosea nini?”

“Watu ofisini wananiuliza kama nimeshindwa hata kukupa nauli ya bodaboda. Hapa mjini baiskeli ni ya wauza mkaa, mama. Halafu mwanamke mtu mzima, na maua yote yale.”

Nkwimba alikasirika. Lakini alikuwa kwenye nyumba ya mwanawe, anakula chakula cha mwanawe, akameza. Akaiingiza baiskeli stoo na kuifunika gunia. Alianza kwenda sokoni kwa bodaboda, amekaa nyuma ya kijana asiyemfahamu, anarushwa kwenye mashimo kama debe la mafuta ya taa. Watu wakasema sasa Catherine anamtunza mama yake.

Mambo yangeishia hapo kama fasheni isingeingia mjini. Iliingia ghafla, kama zinavyoingia zote. Catherine alirudi siku moja na baiskeli nyembamba isiyo na keria wala kengele, na mfuko wenye suruali ya kubana, miwani na kofia ngumu. Alikuwa amejiunga na klabu. Mwenyekiti wao aliitwa Saulo, mkandarasi mwenye tumbo la kutosha na maneno matamu. Kila Jumamosi walikusanyika, wakaendesha hadi mahali penye mandhari nzuri, wakapiga picha, wakanywa soda, wakapiga tena picha. Wakati wa kurudi, mlima ukikaza, wengine walipakia baiskeli zao kwenye pikapu ya Saulo.

Nkwimba aliwatazama kutoka barazani. Hakukasirishwa na maringo, maringo aliyajua na kuyaheshimu. Kilichomchoma ni kwamba walikuwa wanayakana.

“Mnaendeshea nini?” alimwuliza mwanawe.

“Afya, mama.”

“Na zile picha?”

“Za kuhamasisha wengine.”

“Si useme tu mnaringa. Tena hamjui. Mtu unaringaje umevaa sare?”

Catherine alicheka. Nkwimba hakucheka. Alisema kama ni hivyo, naye ataitoa yake stoo.

“Hapana mama, hiyo ni tofauti.”

“Tofauti iko wapi?”

“Sisi tunachagua. Sisi tuna magari.”

Neno hilo lilimwingia Nkwimba kama mwiba chini ya kucha. Tunachagua. Kwamba yeye, aliyemwacha dereva wa trekta kivulini akatoka kwa baiskeli, hakuchagua. Alitaka kujibu, lakini Catherine alikuwa tayari anajipiga picha kwenye kioo cha mlango.

Kisha ikaja safari ya Iringa. Klabu ya Mbeya ilialikwa na wenzao wa huko waendeshe pamoja hadi Kalenga, na siku hiyo kila mmoja aje na baiskeli ya zamani, itakayovutia zaidi ipewe kikombe. Catherine akamkumbuka mama yake.

“Mama, niazime ile yako.”

Nkwimba alisahau hasira zote. Aliitoa baiskeli, akaifuta vumbi, akatia mafuta mnyororo, akanunua maua mapya. Alimwelekeza mwanawe namna ya kupita nayo mbele za watu. “Usiharakishe. Ukiharakisha watadhani unawahi mahali.” Catherine aliitikia kila kitu. Alirudi kutoka Iringa na kikombe kinachong'aa, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akasema baiskeli ya mama imewashinda wote. Wiki hiyo Nkwimba alitembea pale mtaani kama bibi harusi.

Aliyemmwagia maji ya baridi ni jirani yake, Ikupa, mama wa Kinyakyusa mwenye roho safi na simu kubwa. Aliingia uani macho mekundu.

“Pole, mama Kathe. Sikujua kumbe mmepitia hayo.”

“Yapi?”

Ikupa akampa simu. Ilikuwa video ya Kalenga. Catherine amesimama, mkono mmoja juu ya usukani wenye maua, sauti inatetemeka. Hii ni baiskeli ya mama yangu, alisema. Nyumbani hatukuwa na kitu. Mama aliipanda kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Alinibeba kwenye keria hii akizungusha mboga kijiji kizima ili nisome. Watu walipiga makofi, wengine wakafuta machozi. Saulo ndiye aliyemkabidhi kikombe.

Nkwimba aliomba aonyeshwe tena. Mara ya pili alisikiliza neno kwa neno. Mboga! Hakuwahi kuuza hata fungu moja la mchicha maisha yake yote. Alimbeba Catherine kwenye keria, ndiyo, amemvisha gauni lenye marinda, watu wamwone mtoto na wamwone mama yake. Hasira iliyomshika siku hiyo haikuwa ya kupiga kelele. Ilimkalia kifuani, akashindwa hata kumaliza kuchambua mchele.

Catherine alipoingia kutoka kazini alimkuta mama amekaa, kikombe kiko mapajani mwake.

“Ni lini niliuza mboga?”

Catherine aliweka mkoba chini taratibu. “Mama, ni maneno ya kunogesha tu. Watu wanapenda mtu aliyetoka chini. Ningesema nini? Kwamba ulikuwa unazunguka gulioni kujionyesha?”

“Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo.”

“Wangenicheka.”

“Na baba yako yuko wapi kwenye hiyo hadithi yako? Mwanaume aliyelima na kuwasomesha nyote, umemgeuza fukara aliyemwacha mke auze mboga. Umemzika mara ya pili, Catherine, na safari hii bila sanda.”

Catherine alilia. Akaahidi kwamba atawaambia wenzake ukweli. Nkwimba akamwamini, kwa sababu ni mwanawe, na kwa sababu jina la Masunga halikuwa na mtu mwingine wa kulisemea pale mjini. Kila jioni alimwuliza kama ameshawaambia. Kila jioni jibu lilikuwa kwamba bado hajapata nafasi, ingawa nafasi ya picha haikuwahi kukosekana.

Jumamosi moja klabu nzima ikafika nyumbani. Wamevaa sare zao, wameegesha baiskeli ukutani, na katikati yao pikapu ya Saulo imebeba baiskeli mpya ya kike yenye kikapu mbele na utepe mwekundu. Ikupa alichungulia juu ya uzio. Catherine alitoka ndani, na uso wake ukamwambia mama yake kila kitu. Alikuwa anajua wanakuja.

“Shikamoo, mama,” Saulo alisema, amevua kofia. “Hadithi yako imetugusa sana. Umeteseka kwa ajili ya mtoto. Sisi wanao tumesema hapana, mama yetu naye apate baiskeli ya heshima.”

Simu zilikuwa juu, zinarekodi. Nkwimba alimgeukia mwanawe.

“Catherine. Sema.”

“Mama, pokea tu,” Catherine alinong'ona. “Tutaongea wakishaondoka.”

Basi Nkwimba akasema mwenyewe. Hakupaza sauti. “Marahaba, mwanangu, na asanteni kwa moyo wenu. Lakini mmedanganywa. Mume wangu alikuwa na matrekta mawili na ng'ombe wa kutosha. Sijawahi kuuza mboga. Baiskeli yangu niliipanda kwa maringo. Nilipenda kutazamwa, kama nyinyi.”

Walicheka. Walicheka kwa upendo, wakapiga makofi, dada mmoja akasema jamani mama ana ucheshi. Nkwimba akaona hawakumwamini hata kidogo. Mwanamke wa kijijini, kitenge, ndala, Msukuma wa Usangu. Kwao hakuna njia ambayo mtu kama huyo angepanda baiskeli kwa kupenda. Maringo ni yao peke yao. Akarudia, sasa kwa ukali, na kicheko kikapungua. Saulo akamtazama Catherine.

“Ni kweli, Catherine?”

Ilikuwa inatosha kusema ndiyo. Catherine alitazama simu zilizokuwa zinarekodi, akatazama utepe.

“Mnisamehe,” akasema. “Mama umri umeenda. Siku hizi anachanganya mambo.”

Wote wakainamisha vichwa. Yule dada akamshika Nkwimba mkono, akaupapasa, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, “Usijali, mama, tunakuelewa.” Saulo akaiteremsha baiskeli, akaiegemeza ukutani mwenyewe. Lolote ambalo Nkwimba angesema sasa lingekuwa neno la mtu aliyechanganyikiwa.

Walipoondoka aliingia ndani akakunja vitenge vyake, akafunga kiroba, akatoa baiskeli yake stoo na kukifunga kiroba kwenye keria. Catherine alimfuata hadi getini.

“Mayu,” alimwita kwa Kisukuma, lugha ambayo hakuitumia mbele ya wenzake. “Nisamehe. Nilibanwa. Ningefanya nini mbele ya watu wote wale?”

“Mimi nilikuwa mbele ya watu hao hao.”

“Nitawaambia. Jumamosi ijayo, naapa.”

“Utawaambia nani kakwambia? Mama yako umeshasema amechanganyikiwa, na hapa mjini hakuna mwingine anayemjua baba yako isipokuwa wewe uliyewadanganya.”

Catherine alishika usukani, maua yakakunjamana chini ya kiganja chake. Nkwimba aliutazama ule mkono mpaka ukaachia.

“Unakwenda wapi na baiskeli, mama?”

“Uyole, nikapande gari la Ubaruku. Kaka zako wananijua mimi ni nani.”

Catherine aligeuka akaitazama ile mpya pale ukutani, utepe wake unapepea. “Na hii waliyoileta, niifanye nini?”

Nkwimba alipanda, akaweka mguu kwenye pedali.

“Ipande wewe. Wamemletea maskini wa nyumba hii, na mimi naondoka.”