Mwanandani Kwenye Kahawa

Mwaka ule mume wangu alipooza upande mmoja, nami nikapooza imani na watu. Shemeji yangu alikuja kutupa pole akaondoka na cherehani yangu, eti akaitunze. Jirani aliyetuletea uji siku tatu mfululizo alikuwa anataka chumba chetu cha mbele. Basi kila aliyebisha hodi pale kwetu Kaloleni, mjini, nilimtazama mikono kwanza, kabla ya uso.

Asubuhi moja akabisha mama wa Kimeru, gumboti zimejaa matope.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayeosha maiti wa kike wa Kiislamu."

"Marahaba. Umeambiwa na nani?"

Na muuza duka Mwislamu wa barabarani kwao, akasema. Mama mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, akaolewa mlimani katika ukoo wa Walutheri, wala hakubadili dini mpaka mwisho. Sasa kule juu hakukuwa na mwanamke wa kumwosha.

Nilimtazama mume wangu kitandani. Hajageuzwa, hajalishwa. Kuosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana: akiifanya mmoja, wengine wameondokewa na dhima. Nikaomba kimoyomoyo awepo huyo mmoja mwingine. Mwenzangu wa msikitini nilipompigia akasema atakuja, lakini peke yake hawezi. Nikamgeuza mume wangu, nikamlisha, nikamkabidhi kwa dada yake huku nimefunga kabati na ufunguo kifuani.

Kilichonikereketa ni huruma ya yule mama. Mlutheri ana haraka gani ya kumtafutia mkwewe mwosha wa Kiislamu? Kwetu huku kaburi shambani ni zaidi ya hati. Bibi akizikwa kwenye kahawa, ndugu zake wa Kondoa watakuwa na neno siku zote. Akizikwa makaburi ya Waislamu mjini, shamba linabaki jeupe, halina mdai. Nikaona nimeshamkamata. Tulipoteremka kwenye gari, mwenzangu alitangulia na sanda, mimi nikabaki nyuma nikamwambia usoni:

"Sema kweli. Mnataka tumchukue mjini ili kaburi lake lisiwafunge shamba."

Alichukua ndoo yangu, akatangulia.

Tulimwosha bibi nyuma ya pazia la mashuka, maji ya vuguvugu yenye majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza. Mwili wake ulikuwa safi, kucha zimekatwa, nywele zimesukwa upya. Mtu alimhudumia yule bibi kwa muda mrefu, nami nilijua ni nani. Tumefundishwa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Mimi nilidhani ugumu wa maisha umenipa ruhusa ya kuwashuku watu.

Tulipomaliza nikauliza atazikwa wapi. Yule mama akatupeleka kwenye kahawa, kando ya msalaba wa baba mkwe wake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wanaume wa ukoo, Walutheri watupu, walikuwa wamechonga hadi mwanandani, kile chumba cha pembeni anamolazwa maiti wetu, kwa kufuata maelezo ya muuza duka.

Ila walikuwa wamekichonga upande wa bondeni. Kibla, tunakoelekea katika sala, iko kaskazini, upande wa mlima.

"Tumekosea?" yule mama akauliza.

Nilitamani kusema hapana. "Mmekosea upande, mwanangu."

Wanaume wakatazamana. Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa na jiwe, kwa hiyo ilibidi kaburi lisogezwe, na pa kusogezea palikuwa na mikahawa miwili inayozaa. Shemeji mmoja wa yule mama akaguna kwamba Mungu haangalii upande.

"Yeye alikuwa anauangalia kila siku," yule mama akasema. Akachukua jembe, akapiga shina la kwanza mwenyewe. Punje mbichi zikamwagika hadi miguuni kwangu.

Nilisimama pale nikiwa na aibu tupu. Baada ya mazishi alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mkungu wa ndizi wa kumpelekea mgonjwa wangu. Safari hii sikumtazama mikono.

"Mwanangu, nisamehe kwa yale niliyokuambia asubuhi."

"Kwani ulisema nini, mama?"

Akautua mkungu kwenye gari, akaniaga. Alikuwa amesikia kila neno.