Siku Kinu cha Teunis Kilipotangaza Msiba

Teunis Verbaan alikuwa fundi bomba miaka yake yote ya kazi, na hapa Oosterveld, mji wetu mdogo wa Uholanzi, hakuna choo asichokijua kwa ndani. Alipostaafu, na mkewe akafariki muda mfupi baadaye, tulidhani atajifungia na televisheni yake mpaka basi. Kumbe kaenda kujiandikisha kusomea kuendesha kinu cha upepo. Mtihani wa kwanza alifeli, wa pili akafaulu, na tangu hapo kinu cha zamani kilichoko katikati ya bustani yetu kikawa mikononi mwake. Halipwi hata senti. Anasaga ngano, anauzia unga familia zinazokuja Jumamosi, na watoto wanaopanda ngazi zake za mbao anawajua mmoja mmoja kwa meno waliyong'oa.

Mimi nauza kahawa na chapati za maji kwenye nyumba ya zamani ya mlinzi wa mfereji, nyuma ya zizi la mbuzi. Kwa hiyo kila Jumamosi namwona, nitake nisitake. Ni mbishi, kumsifu mtu hawezi, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Kinu kwetu kina lugha yake. Bawa la juu likisimamishwa kabla tu ya kufika kileleni, nyumbani kwa msagaji kuna furaha. Likisimamishwa limeshapita kilele kidogo, kuna msiba. Mabawa yakikaa mshazari, ujue hakuna habari, kinu kinapumzika. Watoto wa Oosterveld wanayajua haya kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mwishoni mwa majira ya baridi Jorien, binti pekee wa Teunis, alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, tena mapema mno. Fenna, ndilo jina walilompa, hakufikia uzito wa pakiti moja ya unga wa babu yake. Wakamweka hospitalini ndani ya kisanduku cha kioo, na mirija puani. Teunis hakununua hata soksi. Mabawa yakabaki mshazari, wiki baada ya wiki.

"Mtoto si amezaliwa?" nilimwambia siku moja. "Weka furaha basi, watu wakupongeze."

"Akishavuka kizingiti cha kwao," akajibu. "Kabla ya hapo sitangazi kitu. Na wewe geuza chapati yako, inaungua."

Watu hawakumuuliza. Sisi ndivyo tulivyo. Humwendei mtu bila miadi, hata mama yako mzazi unampigia simu kwanza, na shida ya mwenzako unaiheshimu kwa kuipita mbali. Ila nilikuwa nawaona. Kina mama wanaobeba watoto kwenye sanduku la mbele la baiskeli walikuwa wakifika darajani, mbele ya kinu, wanapunguza mwendo, wanatupa jicho juu, halafu wanaendelea na safari.

Jumamosi moja ya mwezi Mei upepo ulikuwa mzuri na bustani imejaa. Teunis akaingia kwangu amenuna, unga mpaka kwenye nyusi.

"Harmen kanifukuza," akasema. "Eti nije ninywe kahawa, kinu atasimamisha yeye. Kinyozi yule!"

Harmen ni kinyozi mstaafu, mwanafunzi wa Teunis tangu mwaka jana. Ana moyo wa dhahabu na haraka zisizo na sababu.

"Utamfundisha vipi bila kumwachia kamba ya breki?" nikamuuliza.

"Nimemwachia. Nipe sukari."

Dirisha langu linatazama mbuzi, kinu hakionekani. Teunis alikuwa bado anakoroga kikombe chake mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Alikuwa mama Van Dalen, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kugusa kitasa cha mtu bila kupiga simu. Alikuwa na aproni yake ya bustanini, vidole vimejaa udongo, na ameshika maua meupe yaliyokatwa ovyo ovyo. Akamkumbatia Teunis palepale kwenye kiti.

"Pole," akasema. "Pole sana, Teunis wangu."

"Pole ya nini?"

Mama Van Dalen akazidi kulia. Nyuma yake akaingia Nurgül, mama wa wale mapacha wa mtaa wa pili, amebeba sufuria ya supu kwa kitambaa, mvuke bado unatoka. "Ule usile, mimi nimeleta," akasema, naye machozi haya hapa. Kisha muuza mkate na mkate wake. Halafu wengine, hata siwezi kuwataja wote, wakaja wakasimama mlangoni na maua, watoto wao wameshikilia sketi zao kimya.

Teunis akabadilika rangi. Alielewa haraka kuliko mimi, au alidhani ameelewa. Akiwa kazini simu yake hulala ndani ya koti, juu ya rafu, huko kinuni. Hospitali imewapigia watu wote, aliwaza, yeye tu hakupatikana.

"Nani kawaambia?"

"Mabawa," Nurgül akasema. "Tumeyaona kutoka darajani."

Akatoka bila kofia. Mimi nikaacha chapati motoni nikamfuata. Tulipopita kona ya zizi tukakiona kinu, na bawa la juu limepita kilele. Msiba, bila shaka yoyote. Teunis akakaa chini kwenye majani, kwenye mavi ya mbuzi na kila kitu.

"Jana sikwenda kumwona," akasema. "Nilikuwa na magunia ya kupokea. Nikasema nitakwenda kesho."

Nurgül akakaa naye hapo chini na gauni lake zuri, akamshika mkono. Mama Van Dalen akakaa upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko wangu, nalia kama mtoto, na sioni aibu kusema.

Ndipo mlango wa kinu ukafunguliwa. Harmen akatoka na shati jeupe lililopigwa pasi, meno yote nje, mikononi sinia kubwa la mikate mikavu iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa vipipi vya waridi na vyeupe. Mikate hiyo kwetu huliwa mtoto anapozaliwa, si vinginevyo.

"Hongera, babu!" akapaza sauti.

Mbuzi tu ndio waliosikika, wakitafuna.

"Harmen," Teunis akasema taratibu, "ulipokuwa unasimamisha kinu, ulikuwa umekaa wapi?"

"Wapi tena? Kwenye kamba ya breki. Kitabu kinasema furaha bawa likae kulia. Haya, si hilo hapo, kulia?"

Kamba ya breki inaning'inia nyuma ya kinu. Ukitazama kutoka nyuma, lilikuwa kulia kweli. Kwa mbele, ambako mji mzima unapita, lilikuwa kushoto, yaani limeshapita kilele. Mtu aliyetazama vichwa vya wenzake kwenye kioo maisha yake yote, kulia na kushoto kwake ni kitu kimoja.

"Na mtoto?" Teunis akauliza.

"Mtoto yuko kwao tangu asubuhi! Mkweo Joost kanipigia mwenyewe. Anakuja na mkewe na mtoto sasa hivi, wanataka kukushtua."

"Kunishtua nimeshashtuka, punguani wee!" Teunis akalia na kucheka kwa pamoja, na Nurgül akamtandika Harmen begani kwa mkate wa watu.

Bado tunafutana machozi, gari la Joost likaingia getini. Jorien akashuka na Fenna kifuani, amefungwa kwenye shali, kofia yake ndogo imemfika kwenye macho. Akatuona tulivyo. Akaona maua. Akainua uso akaona bawa.

"Harmen kakosea," baba yake akamwahi. "Usiogope, mwanangu. Ni kosa tu. Anarekebisha sasa hivi."

Harmen alikuwa ameshaanza kukimbilia kamba.

"Mwambie asubiri kwanza," Jorien akasema. Akatutazama mmoja mmoja, maua mikononi. "Kabla ya Fenna kulikuwa na wawili, baba. Hawakufika hata kupewa majina. Hatukumwambia mtu, hata wewe. Hakuna aliyekuja."

Teunis akamshika binti yake shingoni, akaweka paji la uso wake kwenye la mwanawe, unga ukamwachia alama. Mama Van Dalen akasogea akaweka maua yake chini ya kinu. Nurgül akafuata, na wengine, mmoja mmoja.

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Jorien akakaa kwenye benchi, akafungua shali.

"Mabawa yaacheni hivyo hivyo, kwa ajili ya wale wawili, mpaka huyu amalize kunyonya," akasema. "Halafu muyaweke kwenye furaha."

Fenna alinyonya polepole sana. Hakuna aliyeondoka.