Kinyonga Akisoma Matangazo

Nikiwa mtoto wa Kabiria, miaka ile mahindi bado yalipandwa hadi karibu na mlango wa kanisa, gazeti letu lilikuwa matangazo ya Jumapili. Mahubiri ungeweza kuyakosa na Mungu akakusamehe. Matangazo ukiyakosa, ulikaa wiki nzima hujui ng'ombe wa nani amepotea, maji ya mfereji yatafunguliwa siku gani, nani anaolewa Uthiru na nani amelazwa. Baba yangu alianza kusinzia kwenye wimbo wa kwanza, lakini katibu wa kanisa akikohoa tu na kukunjua karatasi yake, baba alikuwa macho kuliko wazee wa kanisa wote.

Mimi niliwahi kuwa habari mbaya kabisa ya mtaa huo. Nina kigugumizi. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za hospitali, na kwa ajili yake nimegugumiza katika nchi kumi na moja. Katika uwanja mmoja wa ndege afisa aliniuliza jina, akangoja, akangoja, kisha akamwita mwenzake aje naye asikie. Jina lenyewe ni Wangui, na katika maneno yote ya dunia hilo ndilo linalonishinda zaidi. Tena si langu. Ni la nyanya yangu mzaa baba, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Sisi tulimwita Cucu. Yeye aliniita wajina.

Kila mtoto wa kwetu alikijua kisa cha kinyonga. Mungu alimtuma aje kuwaambia watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akatembea kwa mwendo wake ule, akafika, akasimama mbele ya watu, akaanza: nimeambiwa niseme, nimeambiwa niseme, nimeambiwa niseme. Hakuvuka hapo. Nyuma yake akaja ndege mwenye mdomo mwepesi, akasema kwa mkupuo mmoja kwamba watu watakufa wote na kuoza kama mizizi ya shubiri. Neno likishatoka halirudi. Ndiyo maana tunakufa, na ndiyo maana watoto wa Kabiria wakimwona kinyonga kwenye ua walimpiga mawe, au walimtia tumbaku mdomoni wakamtazama akigeuka mweusi.

Nilikuwa na miaka tisa mama aliponituma mtoni kwa jirani yetu Mama Gathoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: baba yake ameugua ghafla, gari linangoja barabarani, apande haraka waende Uthiru. Nilikimbia nikiukariri ujumbe wote bila kukwama, maana nikiwa peke yangu sikwami. Nikamkuta ameinama anafua. Akainua uso, na ulimi wangu ukafunga kama mlango.

"Ba-ba-ba," nikasema. "Ba-ba..."

Sasa, kulikuwa na kijana anaitwa Karanja, wa miaka kumi na minne hivi, amekuja kuteka maji. Karanja alizaliwa akiongea. Alikuwa amepita pale kwa Mama Gathoni, akaona gari na watu wenye nyuso ndefu, akajumlisha mwenyewe.

"Babako amekufa," akamwambia. "Ndiyo anajaribu kukuambia."

Mama Gathoni akaziachia nguo mtoni, akapiga nduru iliyopanda naye hadi barabarani, ikaingia naye garini, ikashuka naye Uthiru. Mzee wakati huo alikuwa hai. Jioni akafa kweli. Nimewahi kuwaza, na Mungu anisamehe, kwamba alisikia anavyoombolezwa akaona aibu kuchelewa.

Usidhani Karanja alilaumiwa. Yeye alisema tu kilichokuja kuwa. Aliyelaumiwa ni aliyetumwa kupeleka habari njema, au angalau nusu njema, akashindwa kuitoa. Kufikia Jumapili jina langu lilikuwa Kinyonga. Hakuna aliyenituma tena popote, hata chumvi. Wanawake wakiwa na mgonjwa nyumbani walivuka barabara waliponiona, wasije wakanisalimia nikakwama katikati ya jina lake. Nami nilifanya nini? Siku moja watoto walimpata kinyonga kwenye ua wa miiba wa Cucu, na jiwe la kwanza nililirusha mimi. Nilitaka wajue sisi si ndugu. Cucu alikuwa akianika mahindi, akaniona. Alikuja, akamwokota yule mnyama kwa kijiti, akampeleka upande wa pili, akarudi kwenye mahindi yake.

Miaka miwili baadaye Cucu alipata uvimbe tumboni. Hospitali wakasema lazima apasuliwe. Kwetu neno hilo lilikuwa nusu ya jeneza, kwa sababu watu walingoja mpaka hali iwe mbaya kabisa ndipo waende, kisha lawama zikawa za kisu. Cucu aliniita jikoni Ijumaa jioni, akanipa daftari na kalamu, akaniambia niandike tangazo. Nikaandika kwamba Wangui, mjane wa Gitau, ataingia hospitali Jumanne kupasuliwa tumbo, na anaomba maombi. Nikaweka nukta.

"Toa hiyo nukta," akasema. "Andika: atarudi."

Nikamweleza kwa shida kwamba matangazo hayaandikwi hivyo. Aliyelazwa huombewa tu, hatangazwi kurudi. Akasema wanaoandika hivyo hawapasuliwi wao. Nikaandika. Ndipo aliposema kwamba Jumapili hiyo ni ya watoto, watoto ndio wataongoza ibada yote, na hiyo karatasi nitaisoma mimi.

Mama alidhani homa imempanda kichwani. Hakulia mbele ya mama mkwe wake, hakuwa mtu wa hivyo, lakini aliongea naye mpaka taa ikapungua mafuta. Nilikuwa nimelala kitanda cha pili, nimefunika kichwa, nikisikia kila kitu.

"Mami, hii si mchezo," akasema. "Unaenda kukatwa. Wacha Karanja asome."

"Karanja alisomea baba ya Mama Gathoni," Cucu akajibu. "Alipona?"

Mama akajaribu njia nyingine. Alijua nikiimba sikwami, basi akaomba nipewe ruhusa niliimbe tangazo. Cucu akamuuliza tangu lini matangazo yakaimbwa, na kama ng'ombe akipotea naye huimbiwa. Mambo yakaishia hapo.

Jumamosi nilimsomea ng'ombe wetu tangazo lile mara ishirini. Sikukwama hata mara moja, naye alinisikiliza vizuri, anatafuna. Lakini si ng'ombe aliyekuwa akipasuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliamini, kama nilivyoamini kwamba moto unachoma, kwamba nikikwama juu ya jina la Cucu, Cucu atakufa Jumanne.

Kanisa lilijaa. Habari kwamba Kinyonga atasoma ilikuwa imetangulia matangazo. Katibu alinipa karatasi zote huku akiniangalia kama mtu anayempa mtoto kiberiti. Karanja, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa vijana, alikaa benchi la mbele tayari kwa lolote. Cucu alikaa upande wa wanawake, kitambaa cheupe kichwani, mkono juu ya tumbo.

La kwanza lilikuwa ng'ombe mwekundu wa pembe moja, aliyeonekana mara ya mwisho akielekea Riruta. Alinichukua muda. Baba yangu alisema baadaye kwamba kwa muda ule ng'ombe angeweza kurudi mwenyewe. La pili lilikuwa mkutano wa akina mama, likatoka vizuri, nikapata moyo. Kisha nikafika kwenye mwandiko wangu mwenyewe.

"Wa-wa-wa," nikasema. "Wa-wa..."

Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mama Gathoni akasimama, akajifunika shuka, akatoka. Wawili watatu wakamfuata. Mtu nyuma akaanzisha wimbo taratibu, kunisitiri nadhani, ukakosa wa kuuitikia ukafa. Hatimaye jina likatoka, na nyuma yake marehemu babu, na hospitali, na Jumanne, na tumbo, na maombi. Likabaki neno moja.

"Ata..."

Likasimama. Ata, ata, ata. Kila mtu mle ndani alijua kwamba hapo panaweza kufuata chochote, na kwamba Jumanne ni keshokutwa. Nikamwona Karanja ameinuka, amevuta pumzi, mdomo umeshafunguka. Sijui angesema nini. Hadi leo hajui mwenyewe, nimemuuliza.

"Kaa chini, Karanja."

Cucu hakupaza sauti. Hata hakusimama, nadhani tumbo halikumruhusu.

"Wacha amalize," akasema. "Mungu alituma kinyonga. Hiyo ndege ilitumwa na nani?"

Katibu aliangalia viatu vyake. Karanja akakaa. Cucu akanitazama, akatulia kabisa, kama mtu aliye nyumbani kwake anayengoja chai ichemke. Na kanisa zima, kwa sababu lingefanya nini kingine, likangoja naye.

"Atarudi," nikasema.

Alirudi. Alirudi siku ya kumi na mbili, mwembamba, ana kovu ambalo alilionyesha kwa kila aliyekuja kumjulia hali na hata kwa waliokuja kununua maziwa. Wachungaji walisema ni maombi. Mimi ninayetengeneza mashine za wodini najua ni daktari, na usingizi wa dawa uliopimwa vizuri, na bahati. Sikumwokoa Cucu kwa kusoma, kama vile sikumuua baba yake Mama Gathoni kwa kukwama. Lakini mtaa ulitaka hesabu yake, na Cucu aliupa hesabu: aliweka tumbo lake mwenyewe juu ya meza, mbele ya watu wote, akawaambia wapige kura. Wiki iliyofuata jirani mmoja alinituma chumvi. Mama Gathoni hakunituma kamwe, na sikumlaumu.

Jina la Kinyonga lilibaki. Nimelizoea, nimelifanya anwani yangu ya barua pepe. Pia nimejifunza ukaidi wa Cucu: mtu akinimalizia sentensi, ninaanza upya tangu mwanzo, na akinimalizia tena ninaanza tena. Kuna mikutano Westlands ambayo imekwisha gizani kwa sababu hiyo. Walio wepesi wa kujifunza hujifunza mara moja. Hata hivyo nisikudanganye: habari za kifo bado sizipeleki mimi kwanza. Huwa natafuta wa kuniwakilisha. Mtoto wa miaka tisa aliye mtoni hajatoka kabisa humu ndani.

Kisa kile nimekiwaza sana, hasa kwenye foleni za viwanja vya ndege. Tulisimuliwa kinyonga alivyochelewa na ndege alivyowahi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza wale watu waliokuwa wamesimama pale walikuwa na haraka ya kwenda wapi, hata wasiweze kusubiri neno moja zaidi.

Cucu alifariki mwaka juzi, amepita miaka tisini, usingizini. Tulimzika Kabiria, kwenye kipande kilichobaki kati ya nyumba mbili za kupangisha za ghorofa tano. Karanja ndiye aliyekuwa MC. Siku hizi ndiyo kazi yake, ana koti la kung'aa na kipaza sauti chake mwenyewe, anaitwa harusi na mazishi kote upande wetu. Mimi nilipewa wasifu nisome. Binamu zangu walishauri kwa upole kwamba mvua inakuja, na pengine Karanja angeusoma haraka haraka. Niliwaambia mvua nayo isubiri.

Nilisoma. Nilipofika pale Cucu alipoingia hospitali miaka ile, nikakwama palepale pa zamani. Aka, aka, aka. Matone ya kwanza yakaanza kugonga hema. Karanja alikuwa kando yangu ananishikia kipaza sauti, karibu hivi kwamba nilisikia anavuta pumzi. Nikageuka nikamtazama. Neno alilijua. Kila mtu chini ya hema lile alilijua.

Akafumba mdomo. Akanisogezea kipaza sauti kidogo zaidi, akaangalia chini, akangoja.