Redio ya Mama Ilipopona

Mjukuu wangu Zuhura, ndiyo kwanza ameng'oka jino la mbele, juzi alishika simu yangu akaibonyeza asipopajua, na sauti ya mama yake ikatoka mbio kama ya kasuku aliyekanyagwa. Akacheka mpaka akagaagaa. Akabonyeza tena, sauti ikarudi mwendo wake. Zuhura akakunja uso.

"Nyanya, mbona sasa yaenda polepole? Simu imeharibika?"

Nilikuwa na ungo wa mchele mapajani. Mikono ikasimama yenyewe, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa maneno mengine, kwa mama yangu.

Msinipigie hesabu ya umri. Niliolewa mapema, binti yangu naye hakungoja, na unyanya umenikuta meno yote yamo kinywani. Najivunia. Shule niliiacha mapema vilevile, lakini kusikiliza nilifundishwa nyumbani, na darasa lenyewe lilikuwa redio mbovu.

Tulikaa Mwabungo. Ulikuwa mwaka uliofuata mvua ya El Nino, na kila kitu ndani kilinuka ukungu, hata nguo za Idi. Baba alikuwa Mackinnon Road, kituo cha njiani kwenye barabara kuu ya bara, akiziba magurudumu ya malori, kwa kuwa huku kwetu kazi ilikuwa imekauka. Mama alisuka makuti ya kuezekea mahoteli ya Diani. Asubuhi makuti, jioni makuti, vidole vimepasuka hata chumvi ya mboga ilimuuma. Kuandika barua hakujua yeye wala Baba. Baba alikuwa akisema maneno yake kwenye kaseti, akampa utingo wa lori, nayo ikatufikia imefungwa kwa gazeti.

Sasa kaseti za Baba zilikuwa na ada yake. Upande wa kwanza wote ni salamu. Alimtaja kila mtu wa mtaa kwa jina, na mgonjwa wa nani keshapona, na mbuzi wa nani keshazaa, na aliyetajwa lazima aitwe aje ajisikie mwenyewe. Asiyeitwa alinuna mpaka kaseti nyingine. Kwa hiyo kaseti ikifika mimi nilitumwa nyumba kwa nyumba, na uani petu kukajaa kama kwenye maulidi.

Siku hiyo watu walikaa, Mama akaweka kaseti, akabonyeza. Redio yetu ilikuwa ya plastiki nyekundu, mkono wa kubebea umevunjika, tukaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi. Ikakohoa. Kisha ikatoka sauti nene, inajikokota kama ng'ombe aliyezama matopeni. "Assalaaaamu..." Na hapo ikawa kama imelala.

Bi Mwanakombo, jirani yetu, mdomo wake haukuwa na mlango. "Huyu kalewa," akasema. "Mackinnon Road imemfunza tembo."

"Kule kuna tembo gani, na mnazi hakuna hata mmoja?" Mama akamjibu.

"Basi kalewa ile ya chupa!"

Watu wakacheka, lakini Mama uso ulimbadilika. Mjomba wangu alikuwa haipendi ile ndoa, na alikuwa akingoja sababu tu aje atuchukue aturudishe kwao. Neno hilo la ulevi likimfikia, kesho yupo mlangoni. Mama akaitoa kaseti ya Baba, akaweka ile ya arusi ya shangazi yangu. Nyimbo zikatoka zimelegea, vigelegele vyenyewe vikawa kama vyura.

"Mmesikia? Au na bibi arusi naye alikuwa kalewa? Redio ndiyo mbovu. Nendeni majumbani, nikiitengeneza nitawaita."

Fundi wa redio alikuwako Ukunda, lakini redio zilikaa kwake mpaka kuku wakatagia humo. Mama akaamua kuitengeneza mwenyewe, baada ya makuti, macho yakiwa mekundu kwa usingizi.

Alianza na mawe, betri zenyewe nasema. Aliyaanika juani juu ya jiwe, akayarudisha yakiwa ya moto. Sauti ikachangamka kidogo, ikalegea tena. Akaja kwenye kile kichwa kinachogusa utepe. Akachovya pamba kwenye manukato yake ya arusi, hayo aliyokuwa akiyabania hata sikukuu, akasugua mpaka pamba ikatoka nyeusi. Redio ikanukia kama biarusi, lakini sauti ikabaki ya ng'ombe.

Ndipo akaifungua mgongo kwa ncha ya kisu cha samaki. Mimi nilishika kisahani cha misumari yake, nimekatazwa hata kupiga chafya. Ndani mlikuwa na mkanda mwembamba wa mpira, unaozungusha magurudumu. Mama aliuinua kwa kidole, ukaning'inia kama tambi iliyopikwa.

"Huyu ndiye mchawi," akasema.

Nyuma ya mlango palikuwa na tyubu ya pikipiki aliyoiacha Baba. Mama akaikata pete ya mpira. Ya kwanza nene, magurudumu yakagoma. Ya pili imepinda. Aliendelea kukata akisinzia, kisu mkononi, akishtuka, akikata tena, mpaka akapata moja nyembamba kama uzi wa ukili, ikakaa mahali pake kimya.

Kaseti ya arusi ikaimba! Vigelegele vikatoka vikali vya kupasua masikio, na sauti ya shangazi yangu ikajulikana kuwa ya shangazi. Nikaruka, nikataka kukimbia kuita watu.

"Ngoja," Mama akasema. "Kwanza tusikie wenyewe."

Akaweka ya Baba. Ng'ombe hayupo tena, ni Baba mwenyewe, sauti yake hasa. Lakini ilikwenda polepole. Alitaja jina moja, akanyamaza. Jina jingine, akavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo. Watu wengi hakuwataja kabisa, wala mbuzi wa mtu. "Mimi mzima, alhamdulillahi," akasema, na hiyo alhamdulillahi aliikata katikati akaimalizia baadaye.

Mama akarudisha ya arusi. Ikaimba vizuri. Akarudisha ya Baba. Akakaa ameinama, sikio karibu na ile plastiki.

"Mama," nikasema, "mbona bado haijapona?"

"Imepona," akasema, akaizima.

Nilikasirika. Niliona amechoka, amekata tamaa, ananidanganya ili alale. Watu hawakuitwa. Alfajiri alivaa buibui, akatia kanga mkobani, akanikabidhi kwa Bi Mwanakombo.

"Mamako aenda wapi?" Bi Mwanakombo akaniuliza.

"Redio imemshinda," nikamjibu. "Amekwenda Mackinnon Road."

Mwanamke yule alifungua kinywa, akakifunga. Sikuwahi kumwona hivyo tena.

Mama alirudi na Baba amemshika bega, kifua kimeliwa, amekuwa mwepesi kama kuti kavu. Akakaa nasi, kando ya makuti ya Mama, akiwasalimu majirani mmoja mmoja kwa mdomo wake, wale aliokosa pumzi ya kuwataja. Tulimzika kabla ya mvua nyingine. Mjomba alikuja mazikoni, na neno la ulevi hakulitaja mtu.

Nilikuwa mama wa mtoto tayari nilipopata ujasiri wa kumwuliza Mama juu ya siku ile. Hakuinua uso kwenye makuti yake. "Ile mipira," akasema, "nilipomsikia babako, niliomba niwe nimeikata vibaya."

Basi. Mama wa Zuhura anafua nguo kwenye nyumba za watu Malindi, na kila akinitumia sauti husema ni mzima, alhamdulillahi. Niliichukua simu kwa mjukuu. Nikaweka kwanza sauti aliyonitumia jirani yangu ya kuulizia nazi, ikatoka maneno yanakimbizana kama kawaida yake. Kisha nikaweka ya mwanangu, ikaja neno moja, pumzi, neno jingine. Nikainamisha sikio.

"Imeharibika, nyanya?"

"Haina kosa," nikamwambia. Nikatua ungo chini, nikamtuma ndani aniletee buibui langu.