Kanga Zilizokatwa Majina

Tovuti ya duka letu la kanga aliitengeneza kaka, mtoto wa mama mkubwa. Yeye alisoma kompyuta na anafanya kazi Posta. Mimi nauza Kariakoo na mama yake tangu nilipomaliza darasa la saba.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Unafungua, unaona kanga moja, chini yake kitufe kimoja cha kununua. Ukisogeza inakuja nyingine. Picha zote kaka alizikata akabakiza maua ya katikati. Maandishi yaliondoka pamoja na pindo.

"Jina la kanga liko wapi?" nilimuuliza.

"Dogo, mteja hataki makelele. Nimewapa watu ofisini wajaribu, wote wamenunua mpaka mwisho bila kuuliza kitu."

Watu wenyewe walikuwa wanaume watupu, vijana ambao sidhani kama waliwahi kumnunulia mtu kanga. Nilitaka kulisema hilo, lakini maneno hunichelewa. Alipofunga kompyuta nilikuwa bado nayatafuta.

Oda ya kwanza ilitoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Alitaka doti moja ipelekwe kwa mama fulani Magomeni. Wakati naikunja nikasoma: "Ulingoja nianguke, umechoka kungoja." Nikamwonyesha mama mkubwa.

"Si kachagua mwenyewe?" akasema. "Dukani kwangu mtu haulizwi anampiga nani kijembe."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mteja anasoma majina, anacheka peke yake, ananyoosha kidole, sisi tunakunja. Nikampa bodaboda mzigo.

Jioni simu iliita nikapokea mimi. Yule dada wa Mwanza alikuwa analia. Mama wa Magomeni ni mama mkwe wake. Hawajasemeshana tangu harusi, na sasa yeye ni mjamzito, alitaka wapatane kabla mtoto hajazaliwa. Kanga ilifunguliwa mbele ya mawifi, wakaisoma kwa sauti.

"Mimi nimeona maua tu, mdogo wangu! Maua mekundu, mazuri! Mwambie basi. Mwambie sikujua."

Nikasema ndiyo, nitamwambia.

Mama mkubwa alimpigia mama mkwe, hakupokea. Mimi nikakaa kumwandikia ujumbe, nikaandika na kufuta mpaka tukafunga duka. Kaka alipoambiwa hakubisha. Asubuhi tulikuta ameshaweka majina yote kwenye tovuti, makubwa, chini ya kila picha.

Mama mkwe alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ninyi ndio mlionitumia kanga?"

Mama mkubwa akampa kiti, akamweleza yote: picha, kukatwa, ujinga wa mwanawe. Akaniambia nimwonyeshe. Nikafungua simu, nikampa. Aliponyoosha mkono kuipokea ndipo nilipokumbuka kazi ya kaka ya asubuhi.

Alivaa miwani. "Si haya hapa majina? Makubwa kama mabango ya uchaguzi."

"Yamewekwa leo, mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

"Leo!" Akacheka, akamgeukia mama mkubwa. "Mwenzangu, mkwe wangu kawalipa vizuri. Mpaka mnamtetea."

"Haki ya Mungu, dada..."

"Basi, basi. Nimekuja kununua." Akanirudishia simu, akainua macho kwenye kanga zilizotundikwa. "Kijana, shusha ile."

Nikashusha, akasoma, akatikisa kichwa. Nikashusha nyingine. Nilikuwa nashusha polepole, nikidhani nikichelewa atachoka aende zake. Hakuchoka. Alisoma kila jina mpaka mwisho, mdomo ukicheza kama anaonja mchuzi.

"Nyumba nimejenga mimi, wewe umekuta mlango," akasoma. "Hii. Ipeleke Mwanza."

Nilimtazama mama mkubwa. Yeye alikuwa anatazama barabarani. Kanuni ilikuwa yake, na mteja alikuwa amekaa mbele yake.

"Mfungie mama," akasema.

Nikaanza kukunja. Mfukoni simu ilikuwa inatetemeka. Nilijua ni yule dada, anataka kujua kama nimeshamwambia.