Vita vya Mzee wa Temple Hills

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi ya kumtunza mzee mmoja wa Australia aliyekuwa akiishi kwa binti yake huko Temple Hills, Maryland. Kiharusi kilikuwa kimeulegeza mkono wake wa kulia lakini kikauacha ulimi mzima, jambo lililomkera sana mume wa binti yake.

Bwana huyo alikuwa Mmarekani, na kazi yake mjini Washington ilikuwa kuandika ripoti kuhusu majeshi. Buti la kijeshi hakuwahi kulivaa hata siku moja. Lakini ungemsikia akizungumza juu ya vita ungedhani amezaliwa humo. Ukutani sebuleni alikuwa ametundika medali tatu za mzee ndani ya kioo, na kila mgeni alipelekwa kuzitazama kabla hata hajaonyeshwa choo.

"Baba mkwe wangu," angesema huku amevuta tumbo ndani, "aliteka bunduki ya rashasha ya Wajapani peke yake."

Mzee nilimwita Mzee, kama ambavyo ningemwita mtu yeyote wa umri wake kwetu Nakuru. Yeye aliniita dada, kwa sababu ndivyo walivyowaita manesi wao jeshini. Asubuhi moja nikimnyoa ndevu nikamuuliza kuhusu hiyo rashasha. Alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

"Dada, rashasha niliyoijua mimi ilikuwa yetu wenyewe, na niliibeba mgongoni kama punda."

Alikuwa askari wa miguu wa kawaida, asiye na cheo. Katika Vita vya Pili vya Dunia walipelekwa kisiwa cha Guinea Mpya kupigana na Wajapani, wakipanda milima ya matope kwenye mvua isiyokatika, wakila biskuti ngumu na nyama ya mkebe. Wote walishikwa na kuhara damu.

"Tulizikata suruali zetu nyuma kwa wembe," aliniambia, "maana hukuwa na muda wa kufungua mshipi. Hivyo ndivyo tulivyomwendea adui. Bunduki mbele, matako nje."

Nami nikacheka. Ndipo akaniambia habari za rafiki yake, kijana wa mtaa wao aliyekuwa akiuza nyama buchani kabla ya vita. Aliuawa na makombora ya mizinga ya upande wao wenyewe, yaliyoangukia njiani kabla ya kumfikia adui, akiwa amechuchumaa kichakani akihara. Afisa mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa nyuma kabisa akinywa chai, akamwandikia mama mtu kwamba mwanawe alianguka akiwaongoza wenzake kumshambulia adui.

"Alikuwa na mwandiko mzuri yule mpumbavu," Mzee akasema. "Vita vilipoisha nilikwenda kumwona yule mama. Akanisomea barua nzima, halafu akaniuliza, ndivyo ilivyokuwa? Nikamwambia ndiyo, mama."

Hakucheka tena asubuhi hiyo.

Ikafika sikukuu ya Wamarekani ya kuwakumbuka askari waliokufa. Mume wa binti aliwaalika wenzake wa ofisini kula nyama choma uani. Nikaamriwa kumvika Mzee suti na kumbandika zile medali kifuani. Wageni waliposhiba, mwenyeji akagonga glasi kwa uma na kumwomba shujaa wake aseme maneno mawili matatu kuhusu uhuru.

Mzee akawaambia kuhusu suruali.

Aliwaambia polepole, bila kuacha kitu, na wembe akauonyesha kwa mkono wa kushoto. Mama mmoja aliweka sahani yake chini. Bwana mmoja mwenye tai ya bendera alianza kuwatazama ndege.

"Anachanganyikiwa," mwenyeji akasema, uso umemwiva. "Ni kile kiharusi." Akanigeukia. "Si huwa anachanganyikiwa? Waambie."

Ningeweza kunyamaza. Kazi niliihitaji. Lakini nilimtazama amesimama pale na aproni yake mpya, anataka nimsaidie kumfanya mwanaume mwenye akili timamu awe punguani mbele ya watu.

"Hapana, bwana," nikasema. "Wakati mwingine anasahau leo ni siku gani. Hilo la suruali hajakosea hata mara moja."

Mwenyeji alinifuata jikoni akaniambia kesho nisije. Binti wa Mzee alikuwa akiosha vyombo. Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Akafunga bomba.

"Atakuja," akamwambia mumewe. Kisha akanigeukia. "Kuna mengine aliyokwambia?"

"Muulize mwenyewe, dada. Anangoja kuulizwa."

Alitoka na mikono yake imelowa, akavuta kiti kando ya baba yake, na wakakaa pale mpaka wageni wote wakaondoka bila kuagwa na mtu.

Wiki ile binti aliulizia hadi akapata anwani ya dada wa yule rafiki aliyeuawa, ambaye alikuwa bado hai huko Australia. Mzee alinitamkia barua ya kumweleza jinsi kaka yake alivyokufa kweli, nami nikaiandika. Kila nilipotaka kulainisha neno alinikatiza: "Usipambe."

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa. Nilimsomea mbele ya binti yake. Yule bibi aliandika kwamba mama yao alikuwa ameshaupata ukweli kwa askari mwingine hata kabla Mzee hajamtembelea. Mama alimuuliza Mzee ili amsikie mwenyewe akisema kweli. Alisubiri arudi aseme, na alikufa bado akisubiri.

Binti alianza kulia. Mzee hakulia.

"Vizuri," akasema. "Hilo nalistahili."

Akaniagiza nichukue karatasi nyingine. Safari hii alitaka kujua yule mama alizikwa wapi, na kama miguu ya huyo bibi nayo huvimba wakati wa joto, kama yake. Huvimba, bibi akajibu, hasa wa kushoto. Waliandikiana hivyo hadi Mzee alipofariki mwaka uliofuata, na mimi ndiye niliyemwandikia bibi kumjulisha.