Pua Niliyoichonga

Nilikuwa mwalimu kijana huko Masisi, upande wa Nyabiondo, na nilijiona mjuzi wa uzuri. Misheni walikuwa wamenifundisha kuchora: macho mawili sawasawa, pua katikati, kivuli upande mmoja. Kitu kisichofuata hayo nilikiita kazi ya watu wasiosoma. Kichwa kilikuwa kimenivimba kweli.

Mwaka mmoja mjomba wangu, kaka ya mama, alipita kwangu kutoka Walikale akienda hospitali. Aliniachia sanamu ndogo ya mti nimtunzie. Uso wake ulikuwa laini kama mgongo wa kijiko, hauna pua, unang'aa.

"Uipakale mafuta ya mawese kila juma," aliniambia. "Na kidole. Hapana na kitambaa."

Niliihurumia. Nilidhani aliyeichonga alishindwa kazi. Basi Jumamosi moja nikachukua kisu, nikaichimbia macho, nikapunguza mashavu mpaka ikajitokeza pua nyembamba, iliyonyooka, kama ya mtakatifu wa plasta wa kanisani kwetu. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi mno.

Mjomba aliporudi amepona, nilimkabidhi sanamu nikingoja sifa. Wala hakuitazama kwanza. Aliipitishia kidole gumba usoni, kidole kikagonga pua, kikasimama.

"Fasi ya baba iko wapi?" akauliza.

Sikuelewa ni mahali gani pa baba yake alipopatafuta. Akanieleza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Zamani sanamu ile ilikuwa na pua, tena kubwa. Kila aliyeirithi aliipaka mafuta kwa kidole, na vidole ndivyo vilivyoila: cha babu yake, cha baba yake, kisha chake mwenyewe. Nilichokiona ni kasoro kilikuwa kazi ya vizazi vitatu, nami nimekimaliza kabla ya chakula cha mchana.

"Hatuna picha yao hata moja," alisema. "Ile ndiyo ilikuwa sura yao."

Niliomba msamaha. Nikasema ninaweza kuilainisha tena kwa msasa. Upuuzi mtupu, na hata nilipokuwa nikiusema nilijua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea sanamu mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Mimi sina mutoto. Nilikuya kukuambia kwamba ni wewe utairithi," alisema. "Bakia nayo. Ndani yake hakuna tena muntu ya kwetu."